Waraka wa Watu Wazito

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nina mke, nina shamba la ekari mbili na kiti cha ukarani ambacho si changu, basi nimeona jina hilo likae tu mdomoni mwangu. Ninyi mnaosoma, mkiona inafanana na nchi mnayoijua, hayo ni yenu. Mimi simo.

Nchi hiyo ilikuwa na Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari Anatoli Kisasila. Udaktari wake ulikuwa wa ufugaji wa nyuki, lakini daktari ni daktari. Mwaka mmoja alialikwa kwenye mkutano katika nchi ya baridi, akasikia huko kwamba mtu akienda kituo kidogo cha afya, hata kwa mafua, apimwe uzito, kisha akalishwe kitako aambiwe kwa upole habari za chakula na mazoezi, ili asinenepe kupita kiasi na maradhi yakampata. Nasema bila kejeli: ni maneno mazuri. Huko yaliposemwa watu wanakula mara nne kwa siku na kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari. Mheshimiwa aliyapenda mno, hasa kwa kuwa yalisemwa mara tu baada ya chakula cha mchana.

Aliporudi alihutubia palepale uwanja wa ndege. "Ndugu wananchi," alisema, "adui wetu mpya tumemfahamu. Amejificha kiunoni!" Watu walipiga makofi, kwa sababu walikuwa wameletwa na malori kuja kupiga makofi.

Rasimu ya kwanza ya waraka ilisema "wanene." Ofisa mmoja mwandamizi aliisoma, akaiweka mezani, akatazama tumbo lake, akauliza kwa sauti ya chini, "Anasemwa nani hapa?" Basi ikaundwa Kamati ya Istilahi, ikakaa siku kumi na moja hotelini kutafuta neno lisiloudhi. Mimi shangazi zangu ukiwaambia "umenenepa" wanakushukuru na kukuvutia kiti, lakini Kamati ilikuwa na shangazi wa aina nyingine. Mwishowe wakakubaliana juu ya neno "mzito." Walisema linaelekea zaidi kwenye mizani kuliko kwenye tumbo.

Waraka Namba Nne ukatoka ukisema hivi: kila mtu mzito atakayefika kituo cha afya cha msingi atapewa kwanza Ushauri wa Mtindo wa Maisha, vipindi sita, kabla ya huduma nyingine yoyote, wala hatapewa rufaa ya kwenda hospitali mpaka kadi yake ya ushauri ijae.

*

Haukupita hata mwezi, nchi ikatikisika. Kule watu wazito ni wale ambao magari yao yakipita wengine wanaingia mtaroni. Jenerali mmoja aliandika barua kuuliza kama ni kweli atasimamishwa kwenye mizani na nesi na kuamriwa aache maandazi. Jaji Mkuu akauliza hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Askofu naye alihubiri Jumapili nzima kwamba uzito wa mtu anaujua Muumba wake peke yake.

Mheshimiwa Kisasila aliitisha waandishi wa habari, akasoma Nyongeza ya Waraka huku jasho likimtiririka. "Uzito wa cheo," alisema, "usichanganywe na uzito wa mwili. Mtu mwenye wadhifa wa kitaifa, hata akivunja mizani, ni mwepesi kisheria." Siku ile watu wengi walipungua nchini, na hakuna hata mmoja aliyetoka jasho isipokuwa Waziri.

*

Sisi tulikuwa Zahanati ya Kwamgogo, mbali na mikutano yote hiyo. Vyumba viwili na baraza. Kulikuwa na mimi karani, na dereva wa gari la wagonjwa, na Sista Zamda, mkunga aliyekuwa amezalisha nusu ya kijiji chetu na hakumwogopa mtu. Mvua ilikuwa imetukimbia miaka miwili mfululizo. Watu walikunywa uji jioni, wakijitania kwamba ni chakula cha mchana kilichochelewa.

Asubuhi moja likaja gari la wizara. Likashusha mizani mpya inayong'aa, mabango ya mtu anayecheka akiwa ameshika tunda ambalo Kwamgogo hakuna aliyewahi kulitia mdomoni, na Bwana Gaudensi Lukindo, Mshauri wa Mtindo wa Maisha, Daraja la Pili. Alikuwa amesomea kazi hiyo wiki mbili na alikuwa na shati jeupe lenye nembo. Gari likaondoka na mashine yetu ya kupimia presha.

Sista Zamda alilifukuzia mpaka barabarani, akarudi akihema. "Bwana Mshauri, mashine yangu inakwenda wapi?"

"Makao makuu, Sista. Mashine ya presha haipimi uzito. Na kule waraka huu umewapandisha wakubwa presha, inahitajika."

"Na wagonjwa wangu mimi nitawapima na nini?"

"Na mizani," akasema Lukindo, akiifuta vumbi kwa leso yake.

Zahanati ilitakiwa ishauri watu wazito arobaini kila mwezi, la sivyo itahesabiwa kuwa imelala kazini. Wiki ya kwanza tulipima watu mia moja na thelathini. Hakupatikana hata mmoja. Mzee mmoja alipanda mizani na jembe lake begani, bado akaonekana mwepesi. Lukindo alikonda yeye mwenyewe kwa mawazo. Ijumaa mchana, tumekaa barazani kwenye joto, akaniuliza karibu kulia: "Karani, hivi hapa hakuna kabisa mtu mzito?"

Mimi nina mdomo. Nilitaka kuchekesha tu, basi, Mungu anajua. Nikasema, "Wazito hapa kwetu ni waja wazito tu, Bwana Mshauri."

Nikacheka. Sista Zamda akacheka kutoka chumba cha pili. Lukindo hakucheka. Aliufungua Waraka, akateremsha kidole mstari kwa mstari, akakisimamisha.

"Mja ni nani, Karani?"

"Mja ni mtu."

"Basi," akasema. "Kila mtu mzito."

Nilidhani ananirudishia utani. Akapiga simu makao makuu, Kamati ya Istilahi ikakutanishwa kwa dharura, na baada ya siku mbili jibu likaja kwa maandishi: mja ni mtu, mja mzito ni mtu mzito, Zahanati ya Kwamgogo inapongezwa kwa ubunifu. Tangu siku hiyo kila mwanamke mwenye mimba aliyefika kwetu alishauriwa jinsi ya kutoongezeka uzito.

*

Mmoja wao aliitwa Sikudhani, mke wa Hemedi fundi baiskeli. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mimba mbili zilizoharibika nyuma yake. Hii ya tatu walikuwa wanaihesabu pamoja na Sista Zamda wiki kwa wiki. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto huyu atoke mzima, naye amshike. Mama mkwe wake, Bi Mgeni, alikuwa anampunguzia chakula kutoka sahani yake mwenyewe. Akiulizwa, anasema maharage yanamkaa vibaya tumboni.

Mwezi wa tano wa mimba Sikudhani aliongezeka kilo mbili. Sista Zamda alipiga kigelegele. Lukindo aliandika kwa wino mwekundu na kumwita chumbani kwa kipindi cha kwanza. Mimi nilikaa pembeni kuandika, kama kazi yangu ilivyo.

"Jana umekula nini?"

"Ugali na maharage, bwana."

"Kiasi gani?"

"Kiasi kilichokuwepo."

Lukindo akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hapo ndipo penye tatizo. Hubakizi. Na ulipojua umeongezeka kilo mbili, ulijisikiaje moyoni?"

"Nilifurahi sana," akasema Sikudhani, akatabasamu.

Lukindo akaniambia niandike: mteja haonyeshi majuto. Nikaandika. Kipindi cha pili alifundishwa kutafuna kila tonge mara thelathini. Cha tatu alipewa picha ya lile tunda aitazame kila anapoona njaa. Cha nne aliambiwa atafute chanzo cha uzito wake na kukiondoa. Akauliza kwa adabu kama anaruhusiwa kungoja mpaka kitoke chenyewe.

Tulicheka tena. Nawaambia tulicheka, msije mkadhani sisi tulikuwa watu wengine.

*

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Sikudhani alikuwa mwezi wa nane. Alikuja amekaa nyuma ya baiskeli ya mumewe, Bi Mgeni akifuata kwa miguu.

"Shikamoo, Karani," akasema, na mimi sikumtambua. Uso ulikuwa umevimba macho yamebaki mstari. Viatu alikuwa amevishika mkononi kwa sababu miguu haikuingia.

Mizani ilisoma kilo sabini na moja. Wiki iliyotangulia zilikuwa sitini na saba.

"Kilo nne!" Lukindo akapiga kelele. "Kwa wiki moja! Dada, umetuangusha."

Sista Zamda alimpita. Aliinama, akambonyeza Sikudhani muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki palepale.

"Kichwa?"

"Kinaniuma tangu juzi, Sista. Na naona vimulimuli mchana."

Sista Zamda akainuka. Sijawahi kumwona na uso ule. "Hii ni presha ya mimba," akasema. "Mashine sina, na siihitaji. Akikaa hapa atapata kifafa na tutampoteza yeye na mtoto. Dawa ya sindano imekwisha tangu mwezi wa nne. Hospitali ni mwendo wa saa moja. Gari liwake sasa hivi."

Gari lilikuwepo, nje, chini ya kivuli cha paa. Mafuta yalikuwemo. Dereva alikuwa ameshika ufunguo. Kilichokosekana ni muhuri wa rufaa, na muhuri ulikuwa kwenye droo ya Lukindo.

"Sista," akasema Lukindo, "kadi ina vipindi vinne. Inataka sita."

"Huyu mwanamke anakufa."

"Hajafa. Namwona anapumua. Sasa kila anayepumua akiruhusiwa kukatiza vipindi, tutafika wapi kama taifa?"

Sista Zamda alimsukuma kando, akaing'ang'ania droo kwa mikono miwili. Kufuli halikutoka. Akamgeukia dereva. "Twende hivyohivyo."

Dereva alikuwa karibu kulia. "Sista, waraka wamepewa mpaka walinzi wa geti la hospitali. Wiki iliyopita nimerudishwa nikiwa na mgonjwa mkononi. Bila muhuri hawafungui."

Lukindo akapiga simu makao makuu. Aliambiwa asubiri, kuna mkutano. Tukasubiri. Bi Mgeni alikuwa amemkalisha mkwewe sakafuni, anampepea kwa kanga. Hemedi alikuwa amesimama ameshika baiskeli yake. Baada ya nusu saa simu ikalia, na Lukindo akasikiliza kwa kusimama wima, akasema "ndiyo mkuu" mara sita, akatugeukia amefurahi kabisa.

"Huruma imepatikana," akasema. "Wamekubali vipindi viwili vya mwisho viunganishwe kuwa kimoja. Dakika arobaini. Ni cha matembezi."

Sista Zamda alimtukana. Yale matusi sitayaandika, lakini nayajua yote na mengine nimeyaongeza mwenyewe baadaye. Alikuwa bado anatukana pale Sikudhani alipojishika ukutani na kuinuka.

"Niache nitembee, Sista," akasema. "Nikimaliza si tunaondoka?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakulazimishwa na mtu. Aliinuka mwenyewe, miguu mitupu, Sista Zamda akimshika mkono mmoja na Bi Mgeni mwingine, akaizunguka Zahanati ya Kwamgogo ili apate kugongewa muhuri. Lukindo alitembea mbele yake akionyesha jinsi ya kurusha mikono. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili alisimama mara mbili akauliza ni nani amezima jua. Wa tatu hakuufikisha. Alianguka karibu na tanki la maji, mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka, povu likamtoka.

"Zimebaki dakika kumi na mbili," akasema Lukindo. Alisema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na daftari mkononi.

Nilipoanza kusimulia nilikusudia kusema haya kwa upole, kwa utani utani, kama watu wenye busara wanavyosema mambo ya wakubwa. Siwezi. Nina hasira. Nina hasira na Lukindo na Kamati na hoteli waliyolala, nina hasira na mdomo wangu. Mwanamke yule hakuugua ugonjwa usiojulikana. Aliyejua alikuwepo, gari lilikuwepo, barabara ilikuwepo.

Sista Zamda alimzalisha palepale kwenye kitanda cha chumba cha pili. Mtoto alitoka wa kike, mdogo, analia. Sikudhani alishikwa na kifafa mara mbili zaidi, na saa tano na robo akafariki. Hakumshika mtoto. Sista alimwekea kifuani, lakini mikono ilikuwa haishiki tena.

Saa tano na nusu Lukindo akatoka ofisini na karatasi ya rufaa. Alikuwa ameipiga muhuri. Vipindi sita, akasema, kwa kuwa zile dakika kumi na mbili ameamua kuzisamehe.

*

Kadi ya ushauri haifungwi bila uzito wa mwisho. Lukindo alinikumbusha jambo hilo mchana uleule, kwa sauti ya heshima, akitazama chini. Alisema kama tukimbeba watu wanne, mizani itatosha.

Sista Zamda alikwenda kusimama mlangoni pa chumba cha pili na mkasi mkononi. Lukindo hakuuliza mara ya pili.

Mtoto alikuwa hajapimwa. Nikamchukua kwa Bi Mgeni, nikamweka kwenye mizani, ikasoma kilo mbili na robo. Nikachukua kadi ya Sikudhani. Kwenye mstari wa uzito wa mwanzo wa siku palikuwa na sabini na moja. Kwenye mstari wa uzito wa mwisho nikaandika mbili na robo. Nilijiambia mtu huko juu ataiona namba hiyo, atashtuka, atauliza. Ndiyo maana niliandika. Nilitaka mtu mmoja tu aulize.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Haikuwa na swali. Ilisema kwamba katika vituo vyote nchini, Zahanati ya Kwamgogo ndiyo iliyopunguza mteja kwa kiwango kikubwa zaidi na kwa muda mfupi zaidi, kilo sitini na nane na robo tatu kwa siku moja. Ilisema wataalamu wameitazama namba hiyo na kuona inawezekana kabisa penye nidhamu. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe kumkabidhi mteja huyo cheti.

Nilimfuata Lukindo. Nikamwambia, "Waandikie ukweli."

"Nimetafuta, Karani," akasema. "Haki ya Mungu nimetafuta. Fomu haina pa kuuandika."

*

Walikuja na magari kumi na manne. Hema likasimamishwa palepale karibu na tanki la maji. Wanakijiji waliketishwa chini, wakapewa bendera ndogo. Mheshimiwa Kisasila alihutubia kwa saa moja na nusu juu ya kiasi, kisha akapangusa uso na kunyoosha mkono.

"Sasa yuko wapi bingwa wetu? Yuko wapi Bi Sikudhani?"

Hemedi hakuinua kichwa. Bi Mgeni ndiye aliyeinuka. Alivuka uwanja polepole amembeba mjukuu wake kwenye kanga, akafika mbele ya meza, akafunua.

"Huyu ndiye aliyebaki," akasema.

Wapiga picha wakasogea. Mheshimiwa alimtazama mtoto, akatazama cheti, akatazama mtoto tena.

"Kweli kapungua," akasema.

Lukindo, kwa kutaka kuonyesha kwamba ufuatiliaji unafanyika, aliomba mtoto apimwe mbele ya wageni. Mizani ikaletwa. Ikasoma kilo tatu na nusu. Mheshimiwa aliuliza ilikuwa ngapi mwanzo, akaambiwa, na sura yake ikabadilika. Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Hapa ndipo tunapokwama, ndugu wananchi! Mtu anashuka vizuri, tukigeuka tu nyuma, anapanda. Zaidi ya kilo nzima ndani ya wiki sita!" Akamwinamia Bi Mgeni. "Mama, huyu mnampa nini?"

"Maziwa ya jirani, mheshimiwa," akasema Bi Mgeni. "Ya mama yake tumeyazika naye."

Nilimwona Sista Zamda amefunika mdomo kwa mikono miwili. Hata wapiga picha waliteremsha kamera zao, na mimi, mjinga, nikadhani sasa ndiyo, sasa ataelewa.

Mheshimiwa alitikisa kichwa kidogo, kama anavyotikisa kwa kila jibu analopewa, akanigeukia mimi.

"Karani, andika. Maziwa ya jirani, yapunguzwe."

Nikaweka kalamu chini. Lukindo akaiokota, akaandika yeye.